Glavu ya Pikipiki Ikubane Kiasi Gani?

SWALI: Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Kondele, Kisumu, na mara nyingi hupeleka mizigo Kakamega na Busia. Mwezi uliopita niliteleza kwenye changarawe nikiwa nimevaa glavu za ngozi za mtumba. Ya kulia ilichomoka ikabaki barabarani, nami nikachubuka kiganja vibaya. Sasa nataka kununua mpya, lakini muuzaji ananishauri nichukue saizi kubwa kwa sababu mkono huvimba kwenye joto. Je, nimsikilize?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu, na jeraha hilo lipone upesi. Ushauri wa muuzaji usiufuate, kwa kuwa kilichokuumiza si ukosefu wa glavu bali glavu isiyokaa mkononi. Mtu anapoanguka hutanguliza viganja bila kufikiri, na lami huivuta glavu kuelekea ncha za vidole. Ikiwa ni pana, huvuka mapema na kuuacha mkono mtupu wakati ule ule unapohitaji kinga.

Ni kweli kwamba mkono huvimba kidogo kwenye joto, lakini dawa yake ni kupima jioni baada ya kazi. Chukua tepu ya fundi cherehani, uizungushe kiganjani juu ya vifundo vya vidole vinne, bila kulihesabu dole gumba, kisha ufanye vivyo hivyo kwa mkono wa pili na ufuate kipimo kilicho kikubwa. Kilinganishe na jedwali la mtengenezaji wa glavu hiyo hasa, maana herufi M ya kampuni moja yaweza kuwa L ya nyingine.

Hata hivyo tepu haimalizi kazi. Mwombe mwenye duka akuruhusu kuzivaa ukiwa umekaa juu ya pikipiki yako, kwa sababu glavu inayokaa vizuri mkono ukiwa umenyooka yaweza kukusumbua unapokamata usukani. Ncha za vidole zisigonge mshono, ngozi ya kiganjani isijikunje chini ya mkono, na vidole viwili viweze kufikia breki na klachi bila kuvutwa nyuma. Usiogope ikikubana kidogo kwa upana, kwani ngozi hulegea kadiri inavyovaliwa; lakini kidole kilicho kifupi leo usitarajie kwamba kitarefuka. Glavu za kitambaa, kwa upande wao, hulegea kidogo sana, kwa hiyo zikikubana dukani ziache huko huko.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni hili: funga mkanda wa kifundo cha mkono barabara, shika ncha za vidole vya glavu kwa mkono wa pili, kisha uvute kwa nguvu kana kwamba unataka kuivua. Ikitoka, irudishe, hata kama ngozi yake ni nzuri na bei imekupendeza. Mkanda huo ulalie mahali pembamba pa kifundo, si juu ya mfupa wa kiganja.

Tazama pia lebo iliyo ndani. Kiwango cha Ulaya cha glavu za pikipiki huitwa EN 13594, nacho kina ngazi 1 na ngazi 2. Katika kipimo cha msuguano, kiganja cha ngazi 1 hutakiwa kustahimili sekunde 4 na cha ngazi 2 sekunde 8. Herufi KP huonyesha kwamba kinga ya vifundo vya vidole nayo imepimwa. Kwa joto la Kisumu, tafuta yenye vitundu mgongoni, lakini kiganja kiwe cha ngozi isiyotobolewa, na ikiwezekana kiwe na kipande kigumu chini ya dole gumba. Hapo pana mfupa mdogo ambao ukivunjika huchelewa kuunga kwa sababu damu huufikia kwa shida.

Huniuma kuwaona vijana wengi stendini wamevaa glavu za ujenzi, zile za uzi zilizopakwa mpira. Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya kubebea matofali, na lami huzipasua mara moja.

SWALI: Mimi ni muuguzi, na huendesha pikipiki kutoka Nakuru hadi Molo alfajiri kukiwa na baridi kali. Glavu za wanaume zinanitosha kiganjani lakini vidole ni vinene na virefu kwangu. Nivae ndogo zaidi?

JIBU: Dada, kwanza ulizia glavu zilizokatwa kwa mikono ya wanawake, maana zipo, na vidole vyake ni vyembamba zaidi. Ncha tupu ya kidole ni hatari, kwani hunaswa kati ya wenzo wa breki na usukani, na pia hukupunguzia hisia. Lakini usikimbilie saizi inayobana, kwa sababu glavu ya baridi hutegemea hewa iliyotulia ndani yake, na ikiukaza mkono huzuia damu kufika kwenye vidole, nawe ukazidi kuganda. Iache nafasi kidogo tu, huku jaribio la kuvuta nililolieleza hapo juu likibaki vile vile. Ukifunga vikinga upepo kwenye usukani, utaweza kuvaa glavu nyepesi zaidi na kuihisi klachi vizuri.

Zikilowa mvua, zikaushe kivulini, mbali na jiko la makaa, kwa maana ngozi iliyokaushwa kwa moto husinyaa na kukakamaa, na saizi uliyoichagua kwa uangalifu haitakuwa ile ile.