Mashine ya boti ya kuvulia: kabla ya rangi, angalia mguu

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una boti ya faiba ya futi 18, mnakwenda kuvua wikiendi watu wanne, na unataka mashine ambayo haitawalaza majini. Umekwama kati ya nguvu za HP 40 na HP 60, stroki mbili (inayochoma oili pamoja na petroli) au nne (yenye oili yake peke yake), mpya au ya mtumba, na waliotangulia kujibu kila mmoja amekutajia kampuni yake. Mimi nimeshamiliki mashine tatu, na ile ya pili ilinitia adabu, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Jina la kampuni lisikutoe jasho sana. Yamaha, Suzuki, Mercury, Honda, Tohatsu, wote hao kazi wanaijua. Mimi kwanza huuliza fundi gani wa karibu anaifahamu, na impela yake (kile kipanga cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza) nikiihitaji leo nitaipata lini. Mashine isifiwe vipi, kama oili sili yake unaisubiri miezi mitatu, msimu wako wa kuvua umekwisha iko juu ya stendi. Chukua Evinrude: mwaka 2020 BRP, kampuni inayozimiliki, walitangaza kuacha kuzitengeneza. Wenye E-TEC, aina ya Evinrude, wanazipenda na sibishani nao, ila mtu anayenunua leo simshauri aanzie huko hata akipunguziwa bei.

Kuhusu HP, tafuta kibati cha mtengenezaji ndani ya boti, mara nyingi kiko karibu na usukani au tezini, yaani nyuma ya boti. Kinakwambia HP ya juu kabisa na uzito ambao boti inaruhusiwa kubeba. Usivuke hapo. Lakini usishuke mno pia. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa HP 25 kwenye boti inayokaribiana na yako, nikidhani naokoa petroli. Tukipanda wanne na barafu na nanga, boti haipandi juu ya maji, pua inatazama mawingu, na mkono wangu uko kwenye mwisho wa moto safari nzima. Petroli niliyodhani naiokoa ilikuwa inaisha kabla ya samaki hawajaanza kula. Mashine inayokwenda robo tatu ya nguvu yake bila kulia inadumu zaidi na mara nyingi inakunywa kidogo kuliko ndogo inayobanwa.

Kwenye stroki, kila upande una ukweli wake. Stroki mbili ya kabureta ni nyepesi, haina valvu, na fundi mwenye spana na plagi mbili za akiba anaiamsha popote. Mtu anayekwenda moja kwa moja mpaka kwenye mwamba, anazima, anavua, anarudi, itamfaa. Ila wewe umesema mnapenda kukokota chambo. Kukokota ni kutembea taratibu masaa matatu, manne, na hapo stroki mbili inakuchosha: moshi unakufuata upepo ukiwa nyuma, na plagi zinalowa oili mpaka ukitaka kuongeza moto inakohoa. Halafu kuna kuchanganya. Nyingi zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, na siku utakayosahau, pistoni haisahau.

Stroki nne inatembea taratibu kutwa nzima, mnaongea bila kupaza sauti. Gharama yake ni oili na filta, kwa kawaida kila masaa 100 au mara moja kwa mwaka, na uzito: kwa HP 40 inaweza kuizidi stroki mbili kilo 20 na ushee. Pia haitaki kulazwa ovyo ukiisafirisha. Kitabu kinasema ilazwe upande gani, ukikosea oili inaingia kwenye silinda. Ikiwa ni ya injekta badala ya kabureta, funga filta ya kutenganisha maji kati ya tangi na mashine. Hili usiliahirishe, maana injekta na maji hazipatani kabisa.

Kwa sababu ya uzito huo, kabla hujalipa chochote nenda kwenye ubao wa tezi. Mashine ikiwa imefungwa, ishike kwa juu uitikise mbele na nyuma. Ubao ukicheza, au matundu ya bolti yakivuja maji machafu, mbao zilizo ndani ya faiba zimeoza na hakuna mashine itakayokusaidia. Pima na kimo cha tezi katikati, toka juu mpaka chini ya boti. Sentimita 38 ni shafti fupi, 51 ndefu, 64 ndefu zaidi. Ukifunga fupi mahali pa ndefu, kwenye kona propela inakula hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi.

Sasa hiyo ya mtumba iliyonitia adabu. HP 40, rangi mpya, stika mpya, inawaka kwa mvuto mmoja. Nilifika, nikavuta kamba, ikawaka, nikacheka kama mjinga. Sikujiuliza kwa nini blok, mwili wa mashine, lilikuwa tayari la moto, yaani ilishawashwa kabla sijafika, wakati mimi ndiye niliyesema nataka kuisikia ikiwaka. Safari ya tatu gia ikaanza kusaga, kisha ikakataa kushika kabisa, tukarudi kwa kuvutwa. Fundi akafungua skrubu ya chini ya mguu, ile sehemu ya chini ya mashine yenye gia na propela: oili ikatoka nyeupe kama maziwa, na ndani yake vichembe vya chuma vinameremeta. Akatoa propela. Nyuma yake, kwenye shafti, kulikuwa na mshipi wa nailoni uliojizungusha ukayeyuka na kuwa kama pete ngumu. Ulikuwa umeikata sili, maji yakaingia, gia zikaliwa. Mshipi wa aina ileile ninaoutumia mimi. Mwenye mashine alikuwa mvuvi kama sisi, na huenda hata yeye hakujua.

Tangu siku ile nakwenda kukagua nikiwa na bisibisi na geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo wa kila silinda, na namwambia muuzaji mapema asiiwashe kabla sijafika. Naweka kiganja juu ya blok kwanza. Nalegeza skrubu ya chini ya mguu kidogo tu, kwa sababu maji hukaa chini ya oili na ndiyo yatakayotangulia kutoka. Nasema propela itolewe. Kwenye kompresheni namba kubwa hainivutii. Nataka silinda zilingane, zikipishana zaidi ya asilimia 10 nafunga mkoba. Ikiwaka, natazama yale maji ya kupoza yanayorushwa pembeni. Mashine lazima ikojoe kwa nguvu na bila kukatika. Muuzaji akikataa mojawapo ya haya, hata simwulizi sababu.

Ukishainunua, safari ya kwanza ipakie kama mnavyokwenda kuvua, peleka moto wote na usome mzunguko. Kitabu kitakupa kiwango, kwa nyingi ni kati ya mizunguko 5000 na 6000 kwa dakika. Isipofika, propela ina pichi kubwa mno, yaani mapanga yake yamekunjwa kusukuma mbali mno kwa kila mzunguko. Ukipunguza pichi inchi moja, mzunguko unapanda kama 200 hivi. Wengi wanamlaumu fundi kwa kosa la propela. Baada ya kila safari ya maji chumvi isafishe kwa maji baridi, impela badilisha kabla haijakuomba, na toa propela kila baada ya safari chache uangalie mshipi. Kamba ya kuzimia mashine ivae mkononi, usiiache ikining'inia kwenye swichi.

Kwa boti yako na watu wanne, mimi ningechukua stroki nne ya HP 50, mpya kama mfuko unaruhusu, na iwe kampuni ambayo fundi wako tayari ameshawahi kuifungua. HP 60 ningeifikiria tu kama kibati kinaruhusu na ubao wa tezi haujacheza. Kwa hiyo tuwekee hapa picha ya kibati na kipimo cha tezi, kwa sababu ukisema "futi 18" tu, nusu ya majibu yetu ni kubahatisha.