Multimita haipimi dhahabu

SWALI: Nina pairaiti, yale madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, kutoka maduara (mashimo ya wachimbaji) ya Geita. Nikigusisha multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, jiwe moja linapitisha umeme vizuri, jingine kidogo sana, na yote ni ya mwamba mmoja. Fundi anasema linalopitisha ndilo lenye dhahabu; jingine nilioshe kwa maji ya betri "lifunguke". Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na huyo fundi wako ana ndugu wengi.

Ncha za multimita zinagusa uso wa jiwe tu. Pairaiti ikikaa kwenye hewa yenye unyevu, chuma na salfa ya usoni huungana na oksijeni, ukajengeka utando wa oksidi na salfeti za chuma. Ni mwembamba mno, ila unazuia umeme. Jiwe lililopasuliwa leo na lililolala nje tangu masika hayawezi kusoma sawa. Maji ya betri yanaula utando, umeme unapita, fundi anashangilia. Mlichopata ni uso msafi, basi.

Chini ya utando kuna mambo zaidi. Kobalti ikikaa mahali pa chuma huongeza elektroni; aseniki ikikaa mahali pa salfa huacha matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni, na matundu ndiyo yanayobeba umeme. Hapa ndipo uongo unapopata pa kushikia, maana dhahabu isiyoonekana kwa macho mara nyingi hujificha kwenye pairaiti yenye aseniki. Mara nyingi, si kila mara. Tena usomaji wako wa omu, yaani kiasi jiwe linavyozuia umeme, hautofautishi elektroni na matundu. Na dhahabu yenyewe? Mwamba wa gramu 5 kwa tani ni mali, lakini hizo ni sehemu 5 katika milioni. Mita haizioni.

Watu hawa hawa huuza salfeti ya shaba wakidai "inaamsha" jiwe lolote. Inaamsha madini ya zinki kwenye mtambo wa kuelesha, unaotenga madini kwa kuyaelesha juu ya maji kwa mapovu: shaba huchukua nafasi ya zinki usoni, ndipo kemikali ya kukusanya inashika. Dhahabu haiongezeki hata punje.

Kinachonikera zaidi ni asidi, yaani hayo maji ya betri. Mawe haya mara nyingi yana pirotaiti, madini mengine ya chuma na salfa, nayo ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu ya hidrojeni salfaidi. Mwanzo inanuka mayai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena, na mtu anaanguka. Wengine huchoma mawe yenye aseniki uani, moshi wake wa sumu ukatua kwenye maji ya kunywa.

Achana na multimita. Chukua vipande kutoka upana wote wa mshipa, vile visivyong'aa pia, vitwange pamoja, uchanganye, upeleke maabara ya GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma wapime kwa kuyeyusha.