Kona za kasha langu si viraka

Juzi niliweka picha ya kasha la mninga nililolimaliza, na kijana mmoja wa Geita akaniandikia: "Shikamoo fundi. Hiyo mikia ya njiwa kwenye kona umeichonga kweli au umechora tu? Mimi nina patasi moja na msumeno, naweza kuanza?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeichonga, na kuanza unaweza. Mikia ya njiwa ni maungio ya kona yaliyochongwa ili mbao zishikane zenyewe bila msumari. Ila nikwambie kwanza kilichonipata, maana kazi hii ina machungu yake na wewe yatakukuta.

Kuna mama mmoja wa hapa Mwanza alinipa oda ya kasha la binti yake anayeolewa. Nililifanya kwa roho yote. Alipokuja karakana, hapa Nyakato, akalizunguka, akapitisha kidole kwenye kona, akauliza: "Fundi, mbona umeunga viraka?" Nikamweleza kwamba hakuna hata msumari mmoja pale, mbao zimeshikana zenyewe. Akasema sawa, basi nipake rangi ya kahawia hizo alama zisionekane, na bei nipunguze. Jirani yangu wa makabati ya kupiga misumari alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Sikupaka rangi. Nilimrudishia kianzio chake, na kasha likaja kununuliwa na mwalimu wa Ukerewe aliyekuwa anasubiri meli. Hakuomba punguzo hata la soda.

Bado inaniuma, sitakuficha. Pale kwenye kona ndipo kazi ilipo. Mikia hupanuka kuelekea nje kama mkia wa njiwa anapotua, na meno ya ubao wa pili hukaa katikati yake. Ukivuta ubao wa ubavuni unazidi kujibana. Msumari hulegea mbao ikikauka na kunywea. Mkia haulegei namna hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Noa patasi. Wengi mnaniuliza ninunue mashine gani, na patasi zenu haziwezi kukata hata nyanya. Chukua kinoo, noa, kisha ijaribu kwenye kichwa cha ubao wa msonobari, yaani pale mwishoni nyuzi zilipokatwa. Ikikata ukaona uso laini unaong'aa, endelea. Ikiponda nyuzi zikabaki kama kitambaa kilichochanika, rudi kwenye kinoo.

Mteremko wa mkia: kwa mbao laini 1 kwa 6, kwa mbao ngumu kama mninga 1 kwa 8. Yaani ukienda sentimita 8 kwenda chini, unaingia pembeni sentimita 1. Ukiulaza sana, ncha za mkia zinakatika kwa sababu nyuzi zake pale ni fupi. Ukiusimamisha sana, hauna cha kushika. Chonga mikia kwanza, kisha ulaze ubao wake juu ya kichwa cha ubao wa pili na kuchora kwa ncha ya kisu. Penseli ina unene, kisu hakina. Msumeno upite upande wa taka, yaani sehemu ya kutolewa, mstari ubaki. Patasi igongwe nusu ya unene upande huu, ugeuze ubao, nusu upande ule, la sivyo unabandua uso wa chini.

Urembo je? Urembo haubandikwi baadaye, unaupanga kabla ya kukata. Mikia iweke kwenye ubao wa mbele, ndiko jicho linakotazama. Mimi huwa naifanya mipana katikati na kuipunguza kuelekea juu na chini, na meno yanayoitenganisha nayaacha membamba kabisa. Rauta, ile mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka, haiwezi kufanya hivyo, kisu chake kina shingo na shingo lazima ipite. Fundi anayejua akiona meno membamba anajua mkono umefanya kazi. Na huhitaji mbao za rangi mbili: vichwa vya mbao hunywa vanishi kuliko uso, kwa hiyo hutoka vyeusi zaidi na umbo lote linajitokeza lenyewe.

Vijana wa siku hizi mnataka kasha la wiki hii. Mninga unaoshushwa kutoka upande wa Tabora mara nyingi bado una maji, na hapa ziwani hewa yenyewe ni nzito. Wazee wa kazi huhesabu mwaka 1 wa kukausha kwa kila inchi 1 ya unene. Panga mbao ndani, weka vijiti katikati hewa ipite, fanya kazi nyingine. Asiye na subira akauze chaji za simu. Na ubao wa chini wa kasha usiutie gundi: utelezeshe kwenye mfereji na uuachie nafasi kidogo ubavuni, kwa sababu mvua za masika zikija utatanuka utake usitake.

Usianze na mninga, utapoteza pesa. Omba vipande vya msonobari kwenye viwanda vya mbao, tengeneza kiboksi cha kuwekea misumari yako. Noa patasi, nimeshasema. Kona ya kwanza ikishakaa nitumie picha, lakini usiipige vanishi wala kuziba kwa unga wa msumeno na gundi. Iinue dhidi ya dirisha, nataka nione mwanga unapita wapi.