Glock 19 au P365: uchukue ipi?

Ndugu, kibali unacho tayari, na sasa umekwama kati ya bastola mbili, Glock 19 na SIG Sauer P365, ya kubeba kila siku chini ya shati. Zote ni za milimita 9 na zote zinategemeka. Mimi ningechukua Glock, labda uwe na mwili mwembamba na nguo nyepesi. P365 inajificha vizuri zaidi, ila kwa wepesi wake inaruka sana mkononi, na bastola inayokuchosha hutaifanyia mazoezi. Magazini ya kawaida ya Glock 19 inaingia risasi 15, ya P365 ni 10.

Zijaribu zote kwenye uwanja wa shabaha. Tazama kidole chako cha mwisho: kikining'inia nje ya mpini, mshiko utayumba.

Tafadhali sana, usibane pesa kwenye ala, yaani mfuko wa kubebea bastola. Iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, na isinywee ukishachomoa bastola. Unapoirudisha, angalia kwanza pindo la shati lisiingie humo; kitambaa kikinasa kwenye kifyatulio, risasi inaweza kutoka. Na kabla hujaiamini bastola yako, fyatua angalau risasi 200 za aina ileile utakayobeba.