Kumtetea mjane anayenyang'anywa shamba sio siasa

Mkuu, umeuliza kama mnakosea kutaka kanisa limsimamie yule mama mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji, maana mzee wa kanisa anasema hizo ni siasa. Hamkosei kabisa. Soma Matendo 6, wajane walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa chakula na mitume hawakuishia kuomba tu, walitaka wachaguliwe watu 7 wasimamie, yani utaratibu wenyewe ulibadilishwa. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin kupinga mauaji, nae tumwite mwanasiasa? Unga mpelekeeni sawa, ila msindikizeni pia baraza la kata, tafuteni majirani wanaojua mipaka, na kama kuna mwanasheria hapo kanisani muongee nae jumapili hiihii.