Zimwi lilitoka au zimwi alitoka?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mukono. Nawaandikia wanafunzi wangu hadithi ya watoto wanaoingia msitu wa Mabira kulitafuta zimwi. Mwishoni wanagundua kuwa ni bundi tu. Mwenzangu amefuta "zimwi lilitoka" akaandika "zimwi alitoka", eti kila chenye uhai huchukua a-. Sentensi yangu nyingine ni hii: "Watoto walilitafuta zimwi ambaye hawajawahi kumwona." Nifuate lipi?

Jibu: Mwalimu, liache zimwi lako na li- yake.

Kanuni ya mwenzako ni njema, tena Uganda inahitajika sana. Kwa Luganda mnasema "embwa erya", kitenzi kikifuata ngeli ya jina, ndiyo maana wanafunzi wengi huandika "mbwa inakula". Hapo sahihisha kila mara: mbwa anakula, kifaru anakimbia, tumbili wameruka.

Lakini majina kama zimwi, joka, jitu na dubwana yamezoeleka katika masimulizi kwa li- na ya-. Methali yenyewe yasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Li- hiyo inabeba ukubwa na hofu. Mtoto akisikia "linakuja!" nywele humsimama hata kabla hujamtajia meno yake. Akisikia "anakuja!" huenda akadhani ni jirani.

Wako wanaosema na kuandika "zimwi alitoka", wala siiti kosa. Kosa ni kuchanganya, kama ulivyochanganya uliponiandikia mfano huu: "Watoto walilitafuta zimwi ambaye hawajawahi kumwona." Ama "walilitafuta zimwi ambalo hawajawahi kuliona", ama "walimtafuta zimwi ambaye hawajawahi kumwona". Sifa nazo zifuate: zimwi kubwa lile, mazimwi makubwa yale yalinguruma.

Bundi wako ndiye anayenifurahisha zaidi, kwa sababu anakupa nafasi ya kubadili upatanisho kwa makusudi. Kiumbe cha tetesi kikishajulikana kuwa mnyama, huingia a-/wa-. Okapi, mnyama wa jamii ya twiga aishiye msitu wa Ituri nchini Kongo, alikuwa tetesi kwa Wazungu hadi 1901, alipopewa jina la kisayansi linalomkumbuka Harry Johnston, mtawala wa Uingereza nchini Uganda wakati huo. Leo kila mtu husema okapi anakula majani. Basi andika: "Lile lililowatisha usiku kucha kumbe ni bundi, naye alikuwa amevunjika bawa." Badiliko litokee papo hapo kwenye "kumbe". Likitangulia hata sentensi moja, msomaji wako mdogo atakuwa ameshajua siri.