Chokaa inayotokota bila moto

SWALI: Tulimwagia maji chokaa iliyotoka tanuuni, ikatokota na kuturukia. Joto limetoka wapi? – Fundi mwashi, Lamu

JIBU: Mlilipia joto hilo kwa kuni. Tanuuni, kwenye nyuzijoto 900 hivi, matumbawe hufyonza takriban kilojuli 178 za joto kwa moli (kipimo cha wanakemia cha kiasi cha dutu), yakatoa kabonidayoksaidi na kubaki oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa yenu. Oksidi hiyo ikikutana na maji hurudisha kilojuli 65 hivi. Kosa lenu ni mpangilio: maji machache juu ya rundo hugeuka mvuke ghafla na kurusha chokaa. Tangulizeni maji kwenye pipa la chuma (plastiki hulainika), kisha tieni chokaa kidogo kidogo mkikoroga kwa mti mrefu. Kwa kilo 1 ya chokaa, hesabu hudai lita 0.32 tu za maji, lakini mengi hupotea kama mvuke. Wekeni lita 3. Na miwani, jamani: chokaa hupofua.